Masomo ya CAM yanayofundisha kweli yako wapi? YouTube imenichosha (niko Arusha)

#1 Chalii_wa_Sakina
Wakuu, habari zenu.

Nafanya kazi kwenye karakana ya milango na makabati hapa Arusha. Bosi kaleta mashine ya CNC ya Kichina (ya kuchonga kwa amri za kompyuta), meza ya futi nne kwa nane, kontrola yake ni ile ya mkononi ya RichAuto, kazi unaiingiza kwa fleshi. Fundi aliyekuja kuifunga alituonyesha kuwasha, kutafuta ziro (pale vipimo vinapoanzia) na kubonyeza kitufe cha kuanza. Akatuachia programu ya ArtCAM ya kukreki na folda la maua, akasepa. Tangu siku hiyo tunachonga maua yaleyale. Mteja akija na mchoro wake tunamwambia apite wiki ijayo, huku tunaomba asahau.

Nataka kuijua CAM yenyewe, ile kazi ya kugeuza mchoro kwenye kompyuta uwe njia ya kisu. Video nimetazama mpaka bando linalia. Jamaa anasema leo tunachonga hiki, anabonyeza chap chap, mwisho kinatoka kizuri, anaomba umfuate. Nikifungua kwangu nakutana na dirisha la njia ya kisu, vijisanduku kibao vya kujaza namba, na hakuna aliyesema namba zinatoka wapi.

Dai langu: masomo mengi ya CAM mtandaoni ni matangazo ya programu. Anayebisha aweke hapa somo lililomtoa. Na swali: niende chuo, nikae kwa fundi, au kuna kozi? Bajeti ni ya fundi, mnaielewa.

#2 Mdau_Kimya
Nimeweka kambi. Nondo zikishuka mniite.

#3 Lezi_ya_Kale
Kijana, swali zuri ila umeanzia darini. CAM haikufundishi kukata. Inakuuliza unakata nini, kwa kisu gani, kwa mwendo gani, nawe ndiye wa kujibu. Sisi tuliosimama kwenye lezi (mashine ya kukereza) na mlingi wa mkono (kisu kinazunguka, meza inatembea) tunazijua hizo namba kwa sikio.

Shika hii moja. Mizunguko kwa dakika ni kasi ya ukataji mara 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu. Chuma laini kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) weka mita 30 kwa dakika. Kisu cha milimita 10: 30,000 gawanya kwa 31.4, unapata kama 955. Kisu kina meno manne, kila jino limege milimita 0.05, basi 955 × 4 × 0.05, meza itembee milimita 191 kwa dakika. Vijisanduku viwili vimeshajaa.

Tafuta fundi mwenye lezi, kaa naye, ndipo urudi kwenye kompyuta.

#4 Njiro_Digitali
Shikamoo mzee Lezi. Hesabu naikubali. Ila hilo la "kaa na fundi kwanza" ndilo linalowamaliza vijana. Atafagia chenga za chuma na kutumwa vitumbua mpaka ajute. Jamaa ana mashine ya mbao, shafti ya trekta ya nini?

Mleta uzi, tupa ArtCAM ya kukreki. Chukua Fusion ya Autodesk. Ni bure, kuchora na CAM vyote humo humo, na tovuti yao ina masomo yenye faili za mazoezi. Mimi nilitokea huko.

#5 Lezi_ya_Kale
Marahaba. Chenga za chuma zina mafunzo. Rangi yake, umbo lake. Za bluu zinakuambia joto limepanda. Wewe umejifunza nini kwenye kompyuta kinachobadilika rangi?

#6 Mwanangu_Kijenge
Hapo kwenye vitumbua Njiro umeniua 😂 Mimi nilikuwa natumwa chapati.

#7 Kodi_na_Chuma
Njiro, hiyo "bure" iseme yote. Leseni ya binafsi ya Fusion ni ya matumizi yasiyo ya biashara, masharti yake yanataja kipato kisichofika dola 1,000 kwa mwaka. Bosi wa mleta uzi anauza milango. Halafu mwaka 2020 waliipunguza makali: unabaki na hati 10 tu unazoweza kuhariri kwa wakati mmoja, kubadilisha kisu kiotomatiki hakumo kwenye faili inayotoka, na ule mwendo wa haraka wa G0 umeondolewa. Kisu kikinyanyuka kinavuka meza kwa mwendo uleule wa kukatia. Kwenye mlango wa futi saba utaona uchungu wake.

Mwanafunzi wa chuo ana leseni ya elimu, hiyo ina mengi zaidi na inahuishwa kila mwaka. Nayo si ya biashara.

#8 Njiro_Digitali
Kaka Kodi, mbona umekuja na rungu? Kaomba pa kujifunzia. Kwa kujifunza inatosha, na G0 ikikosekana haimzuii mtu kuelewa njia ya kisu.

#9 Kodi_na_Chuma
Inamzuia kuelewa kwa nini kazi ya nusu saa inachukua saa nzima. Na inataka intaneti: ukikaa nje ya mtandao zaidi ya wiki mbili inakudai uingie tena. Kwa mtu anayelia na bando, mwambieni mapema.

#10 Mama_Randa
Habari za jioni. Mimi niko Moshi, nilipita pale Chuo cha Viwanda vya Misitu, kwa hiyo mbao nina undugu nazo. Mdogo wangu wa Sakina, kabla hatujakupangia programu, niambie: MDF (ule ubao wa nyuzi za mbao na gundi) unaichonga kwa kisu gani, mizunguko mingapi, mwendo gani? Na kingo zinatokaje?

#11 Chalii_wa_Sakina
Dada, shukrani. Kisu cha milimita 6 cha meno mawili, spindo (kinachozungusha kisu) 18,000 kwa dakika, mwendo 800. Kingo zinatoka nyeusi na karakana inanuka moshi. Bosi anasema ndiyo tabia ya MDF.

#12 Mama_Randa
Bosi wako asikupe kamba. Gawanya mwenyewe: 18,000 mara meno 2 ni 36,000. Chukua 800 gawanya kwa 36,000, kila jino linamega milimita 0.022. Huko si kukata, ni kusugua. Joto linalotakiwa kuondoka na chenga linabaki kwenye kisu na ubao. Ukitaka jino limege 0.1, mwendo uwe 3,600. Kama mashine inatetemeka kwa mwendo huo, shusha spindo hadi 12,000 na mwendo 2,400, umego ni uleule.

Shika chenga zako mkononi. Ukiona unga kama wa ugoro, unasugua. MDF ni ya unga kwa asili, sawa, lakini kwenye mninga utaona tofauti: zinatakiwa zitoke nyuzi fupi fupi unazoweza kuzihesabu.

Ni ileile hesabu ya mzee Lezi, nimeivalisha mbao tu.

#13 Lezi_ya_Kale
Dada wa Moshi anajua kazi. Sikilizeni.

#14 Fundi_Mbauda
Naheshimu hesabu za Mama Randa ila mimi nabisha. Weusi wa MDF mara nyingi ni kisu butu. Gundi ya MDF inakula makali haraka kuliko mbao nyingi, na visu vinavyokuja bure na mashine ni vya kufungulia soda. Abadilishe kisu kwanza, ndipo aguse namba.

#15 Pasua_CNC
Mnabishana wakati kuna jambo hamjaliuliza. Kontrola ya RichAuto A11 kwenye mipangilio ya G-kodi (lugha ya amri za mashine) ina chaguo la kusoma F, yaani mwendo, iliyoandikwa kwenye faili au kuipuuza. Ikiwa inapuuza, Chalii anaweza kuandika 3,600 kwenye ArtCAM mpaka vidole viote sugu, mashine itaendelea na ile kasi iliyowekwa kwenye rimoti. Ninaitumia hapa Moshi, najua ninachosema.

#16 Chalii_wa_Sakina
Pasua, umenigusa pabaya. Kuna siku nilibadilisha mwendo kwenye programu na sikuona tofauti yoyote. Nilidhani ArtCAM ya kukreki ndiyo imeharibika.

#17 Fundi_Mbauda
Inaweza kuwa vyote vitatu. Ila kisu anunue.

#18 Tux_wa_Tengeru
Salaam. Kuhusu ArtCAM tuwekane sawa, maana kuna vijana bado wanaitafuta kama lulu. ArtCAM ilikuwa ya Delcam ya Birmingham, Uingereza. Autodesk wakainunua Delcam 2014, na 2018 wakasitisha ArtCAM. Iliyoendelea nje inaitwa Carveco. Kwa hiyo hiyo ya kwenye fleshi haina masasisho wala wa kumuuliza, na zilizokrekiwa nyingi zimekatwa katwa, unakuta ile orodha ya postiprosesa (kinachoandika G-kodi kwa lahaja ya kontrola yako) haina ya mashine yako.

Ushauri wangu: FreeCAD. Bure kabisa na chanzo chake kiko wazi, biashara ruksa, haiulizi kipato chako. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na ile sehemu iliyokuwa inaitwa Path sasa inaitwa CAM, kwa hiyo ukikuta somo la zamani linasema Path usipotee. Ina postiprosesa za kontrola za grbl, LinuxCNC na Mach3.

#19 Njiro_Digitali
FreeCAD kwa anayeanza? Tux unataka kumrudisha kijana kwenye patasi. Ile kitu ukigusa uso mmoja wa mchoro nusu ya kazi inageuka nyekundu.

#20 Tux_wa_Tengeru
Hiyo ni ya zamani, 1.0 wameshughulika na hilo tatizo la majina ya nyuso. Tena ugumu wake unasaidia: inakulazimisha ueleze kipande ghafi, kisu, urefu salama, kila kitu. Hakuna kubonyeza chap chap.

#21 Majengo_Moshi
Mimi nilijua Mastercam ndiyo mfalme. Si ya Wajerumani ile? Kwa nini mnawafundisha watu vitu vya bure bure?

#22 Kodi_na_Chuma
Siyo ya Wajerumani, meku. Mastercam ni ya Marekani, kampuni ya CNC Software ya Connecticut iliyoanza 1983, na 2021 ikanunuliwa na Sandvik wa Uswidi, walewale wa visu vya kukatia chuma. Wana toleo la kujifunzia la bure ambalo lina karibu kila kitu ila halitoi G-kodi. Unaona kisu kinatembea kwenye skrini tu, mashine haili kitu. Kwa kuelewa njia za kisu linafaa sana.

#23 Majengo_Moshi
Sawa mwalimu. Nimesahihishwa hadharani, kahawa utanilipia wewe.

#24 Mwl_Karakana
Wadau, mimi nafundisha kwenye chuo kimoja cha ufundi Kanda ya Kaskazini. Niseme linalonikera: tatizo la mleta uzi si programu wala video. Ni kwamba mafunzo yote yanaishia pale anapobonyeza kitufe cha kutoa G-kodi. Kutoka hapo hadi kisu kigusane na ubao kuna mto, na karibu kila mtu anaachwa ng'ambo ya huku.

Chalii, fungua faili yako moja kwa Notepad. Usiogope, ni maandishi tu. Utaona kitu cha namna hii:

G21 G90 G17
M3 S18000
G0 Z20
G0 X50 Y50
G1 Z-3 F600
G1 X250 F3600
G0 Z20
M5
M30

G21 ni milimita. G90, vipimo vyote vinahesabiwa kutoka ziro moja. M3 spindo izunguke, S ni mizunguko. G0 kimbia bila kukata, panda juu milimita 20. Sogea pa kuanzia. G1 zama milimita 3 polepole, F ni mwendo. Kata kwenda X250. Panda. Spindo isimame. Mwisho. Ukiweza kuusoma mlango wako wote hivi, hata mistari kumi ya mwanzo tu, hutamwogopa tena aliyeiandika.

Kisha lichukue faili hilo uliweke CAMotics, ni programu ya bure inayoonyesha kisu kikila ubao kwenye kompyuta. Ukitoka hapo funga kisu, tafuta ziro milimita 50 juu ya ubao, endesha kazi nzima hewani mkono ukiwa kwenye kitufe chekundu.

#25 Chalii_wa_Sakina
Mwalimu, hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Nimefungua faili la ua moja sasa hivi. Mstari wa kwanza hauna G21 wala G20, unaanzia G0 moja kwa moja. Ni sawa?

#26 Mwl_Karakana
Maana yake kontrola inatumia kipimo ilichowekewa kwenye mipangilio. Kama ni milimita, sawa. Siku fundi mwingine akipita akaigeuza, utalia.

#27 Pasua_CNC
Atalia kweli. Kuna karakana niliyofanya kazi, sitaitaja, mwenye mali alimpa kijana wa mtandaoni amchoree milango. Kijana akatoa faili kwa inchi, mashine ikaisoma kama milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo mlango wa upana wa milimita 800 ulichongwa upana wa milimita 31 na nukta. Tuliuzunguka wote tukiutazama, mlango wa mende. Mwenye mali akataka tukatwe mshahara.

#28 Mwanangu_Kijenge
Mlango wa mende una bawaba au wa kusukuma? 😂

#29 Fundi_Mbauda
Hiyo ni bahati, kilitoka kidogo. Mbaya zaidi ni ziro ya Z. Programu imewekwa ziro juu ya ubao, fundi anaigusisha kwenye meza. Kisu kinaambiwa zama 3, kinapita ubao wote wa milimita 18 na kula meza milimita 3, mara moja. Koleti (kinachobana kisu), kisu, meza, vyote vinalia siku moja. Na mara nyingi anayelaumiwa ni kijana aliyebonyeza, wakati aliyeandaa faili kakaa ofisini.

#30 Binti_wa_Kiborloni
Naomba niulize la pembeni. Mnasema masomo, masomo, yote ni ya Kiingereza. Mimi Kiingereza cha darasani ninacho, ila mtu akisema haraka kwa lafudhi ya Texas nabaki naangalia mikono yake. Hakuna anayefundisha CAM kwa Kiswahili?

#31 Njiro_Digitali
Wapo wachache wa kuuza mashine, wanaonyesha kuwasha na kuzima. Dada, weka maandishi ya chini na punguza kasi ya video, utazoea. Haas wa California wana video fupi fupi na mafunzo ya mtandaoni ya bure ya mwendesha mlingi na lezi, mtihani humo humo. Mzungumzaji wao mkuu anaongea taratibu na anakuonyesha kitu mkononi. Ni mashine za chuma, lakini ziro, urefu wa kisu na G54 (amri ya kuchagua ziro ya kazi) vinaeleweka pale kuliko kwingine kote.

#32 Binti_wa_Kiborloni
Asante kaka. Nimehifadhi.

#33 Kodi_na_Chuma
Ongezea Titans of CNC. Akademia yao ni bure, wanakupa michoro na modeli ya kila kipande, unatengeneza mwenyewe hatua kwa hatua, ukimaliza kimoja unapanda kingine kigumu zaidi. Kinachokera: wanadhani una mashine ya mamilioni na alumini ya ndege, na vipimo vingi ni inchi. Lakini michoro ni ya viwandani kweli, siyo maua.

#34 Mama_Randa
Kwa mtu wa mbao hizo zote ni kumzungusha. Vectric wa Uingereza, wale wa programu za VCarve na Aspire, masomo yao yako bure kwenye tovuti, yanakuja na faili, na ni ya mbao: kabati, herufi, mlango wa paneli. Toleo la majaribio halina mwisho wa siku, ila linatoa G-kodi kwa zile kazi za mfano walizokupa tu. Hizo mfano zinatosha kuichosha mashine yako mwezi.

Angalizo kwa bosi akitaka kununua: VCarve Desktop inaishia eneo la milimita 635 kwa 635. Mlango utaukata vipande vipande. Wa milango anunue Pro.

#35 Njiro_Digitali
Hapo Mama Randa umenishinda. Kwa mbao, nakubali.

#36 Lezi_ya_Kale
Nimesubiri mmoja aseme neno la chuo, naona mnapita tu. Arusha mna Chuo cha Ufundi tangu 1978. Mna VETA, Moshi wana VETA. SIDO wana vituo vya teknolojia Arusha na Kilimanjaro, karakana zenye mashine za kukata chuma. TEMDO iko hapo Arusha tangu 1980, kazi yake ni kusanifu mitambo. Na Hai kuna KMTC, kiwanda cha kutengeneza mashine, kilichojengwa na Wabulgaria miaka ya 80. Vijana mnapita nje ya mageti hayo mkiwa mmetumbulia simu, mnatafuta mwalimu Texas.

#37 Tux_wa_Tengeru
Mzee umetuchapa. Lakini tuseme ukweli, kozi ya muda mrefu inamtaka mtu aache kazi. Na mfumo wa chuo unamfundisha kuchora kwa kompyuta muhula mzima kabla hajaona kisu.

#38 Mwl_Karakana
Tux, nusu kweli. Chuoni kwetu darasa ni kubwa na mashine ya CNC ni ya kupanga foleni, hilo silifichi. Mwanafunzi anaweza kumaliza akiwa ameigusa mara za kuhesabika. Ila anatoka anasoma mchoro, anajua tolaransi (tofauti ya kipimo inayoruhusiwa), anajua kwa nini tundu la bearingi halitobolewi kwa keekee na kuachwa hivyo. Huyo nikimpa CAM anaimeza upesi. Aliyeanzia kwenye video anajua vitufe vyote na akiona alama ya kipimo chenye jumlisha na toa anauliza hiyo ni nini.

Kwa aliye kazini ulizia kozi fupi, na uliza maswali mawili kabla hujalipa: nitaigusa mashine saa ngapi kwa wiki, na nitaondoka na kipande nilichokata mwenyewe? Wakijibu kwa brosha, rudi nyumbani.

#39 Majengo_Moshi
Maswali hayo mawili yangeulizwa na mdogo wangu, asingelipa ada ya ile kozi ya wiki moja ya mjini. Walimpa cheti kizuri, kina nembo ya dhahabu. Mashine waliiona kwenye projekta.

#40 Mwanangu_Kijenge
Angalau projekta ilikuwa na umeme. Moshi mmeendelea.

#41 Majengo_Moshi
Sisi tuna umeme, maji na ndizi. Nyie endeleeni na vumbi lenu.

#42 Pasua_CNC
Umeme ukiguswa niongee. Ukikatika katikati ya kazi, kontrola za mkononi zinakumbuka mahali zilipofika, zinakuuliza uendelee. Lakini kama mtu alisogeza mhimili kwa mkono giza likiwepo, ziro imekwenda. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu: ziro ya X na Y iwe kona ya ubao iliyobanwa na vizuizi viwili vya misumari ya mbao, siyo katikati ya ubao kwa macho. Ukipotea unarudi pale pale. Hakuna somo la YouTube linalosema hili kwa sababu kwao umeme haukatiki.

#43 Fundi_Mbauda
Pasua leo umeongea pointi tupu, umekula nini?

#44 Pasua_CNC
Kitochi 😄

#45 Mgeni_wa_Unga_Ltd
Nimesoma uzi wote. Nadhani mnamzunguka mleta uzi. Tatizo lake la kwanza ni bosi. Mashine ikiwa ya kuzalisha tu, hatapewa hata saa moja ya kujaribu. Mimi kwenye karakana yetu ya chuma niliomba masalia ya alumini na muda wa baada ya kazi, nikakataliwa, nikaambiwa kisu ni pesa. Nikaweka LinuxCNC kwenye kompyuta kuukuu, ina hali ya kuigiza, haihitaji mashine yoyote. Unapata skrini kamili, unatafuta ziro, unapakia faili, unaona kisu kinatembea, ukikosea inakupigia kelele. Nilijifunzia humo. Siku fundi mkuu alipougua nikasimama mimi.

#46 Chalii_wa_Sakina
Mgeni, umesema la moyoni. Bosi kashaniambia umeme ninaotumia kujaribu utatoka kwangu. LinuxCNC inahitaji kompyuta kubwa?

#47 Mgeni_wa_Unga_Ltd
Hapana, hiyo ya kuigiza inaenda hata kwenye kompyuta ya zamani. Pakua faili lake usiku bando likiwa la bei chee, choma kwenye fleshi.

#48 Lezi_ya_Kale
Na mimi bado nasema: aliyewahi kubana kipande kwenye jiriwa kikamruka, haweki kina cha milimita 6 kwenye kijisanduku kwa kubahatisha. Kompyuta ya kuigiza haina jiriwa.

#49 Mgeni_wa_Unga_Ltd
Mzee, jiriwa ninalo sasa. Kompyuta ndiyo ilinifikisha kwake.

#50 Mama_Randa
Chalii, umepima ile ya 3,600 au bado tunapiga porojo?

#51 Chalii_wa_Sakina
Nimepima, dada. Kwanza niliingia kwenye mipangilio, kweli ilikuwa inapuuza F. Nikaiwasha isome. Kwa 3,600 mashine ikatikisika mpaka bosi akatoka ofisini. Nikarudi 12,000 na 2,400 kama ulivyosema. Kingo zimetoka kahawia, si nyeusi. Kisu ni kilekile.

#52 Fundi_Mbauda
Kahawia hiyo ndiyo kisu butu. Nilisema.

#53 Mama_Randa
Kahawia inaweza kuwa unapita palepale mara nyingi kwa kina kidogo. Unazama milimita ngapi kila kisu kinapopita?

#54 Chalii_wa_Sakina
Moja moja.

#55 Mama_Randa
Basi kisu chako kinatumia ncha tu, ile milimita moja ya chini ndiyo inafanya kazi yote na ndiyo imekufa. Kwa kisu cha 6 jaribu tatu tatu, ubao ukiwa umebanwa vizuri. Ncha ikishakwisha, Mbauda atakuwa sahihi na mimi nitakuwa sahihi.

#56 Fundi_Mbauda
Nakubali kwa shingo upande.

#57 Pasua_CNC
Angalieni na nati ya koleti. Ikijaa unga wa MDF kisu kinayumba, kingo zinaungua upande mmoja tu. Chalii, weusi uko pande zote au mmoja?

#58 Binti_wa_Kiborloni
Jamani kabla hamjaendelea, kwa Moshi koleti za ER20 za milimita 6 zinauzwa wapi? Nimezunguka Mbuyuni yote naonyeshwa vichwa vya keekee.

#59 Pasua_CNC
Mbuyuni hutapata. Nimekutumia ujumbe pembeni. Na usichukue ya robo inchi ukidhani ni 6, hiyo ni 6.35.